Cheche ipo, moto haukai: shajara ya hita ya gesi ya Raskazone

Jumatatu asubuhi

Kazi hii inahusu hita ya maji isiyo na tenki, inayotumia gesi ya mtungi, iliyofungwa kwenye ukuta wa uani wa nyumba ya wageni huku Raskazone, Tanga. Kibati kilichobandikwa ubavuni mwake kinaonyesha kwamba hupasha lita 10 za maji kwa dakika, nguvu yake ni kilowati 20, na presha ya gesi inayoitaka ni paskali 2800, yaani milibari 28. Cheche zake hutokana na betri mbili kubwa za volti 1.5 kila moja, kwa hiyo umeme ukikatika wageni wanaoga kama kawaida, na hiyo ndiyo sababu mwenye nyumba aliipenda kuliko ya umeme.

Malalamiko ni kwamba bomba likifunguliwa cheche zinasikika, lakini mara nyingine moto hauji kabisa, na mara nyingine unakuja kisha unazimika kabla maji hayajapata joto. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, na baada ya kuitikia shikamoo yangu alinieleza kwa kifupi: "Mwanangu, asubuhi inawaka bila matata. Jioni wageni wakirudi kutoka mjini, inakataa. Nitawaambia nini watu waliolipa?" Neno hilo jioni nimeliandika na kulipigia mstari. Kifaa kilichoharibika huwa kimeharibika saa zote. Kinachobadilika kati ya asubuhi na jioni mara nyingi kiko nje ya kifaa.

Fundi aliyetangulia alishauri kinunuliwe kisanduku kipya cha udhibiti. Sijakubali ushauri huo, na sababu yangu si ubishi. Kisanduku ni kipuri cha bei kubwa, nacho huharibika kwa nadra. Lakini kwa kuwa ndicho kinachotoa uamuzi wa kuzima, ndicho kinachobebeshwa lawama.

Inafaa niandike mfuatano wenyewe, maana uchunguzi wote utaufuata. Mtu anapofungua bomba, maji yanayopita husukuma kiwambo cha mpira kilichomo ndani ya vali ya maji. Kiwambo husogeza kijiti, kijiti huachia swichi ndogo, na swichi hukiamsha kisanduku. Kisanduku hupeleka cheche kwenye pini ya kuwashia na papo hapo hufungua vali ya sumaku inayoruhusu gesi iingie kwenye kichomeo. Moto ukishika, pini ya pili, ambayo kazi yake ni kuhisi moto, hupeleka taarifa. Cheche hukoma na vali hubaki wazi. Taarifa hiyo isipofika ndani ya sekunde chache, gesi hufungwa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu propani ni nzito kuliko hewa kwa kiasi cha mara moja na nusu, na ikiachwa itoke bila kuwaka hutuama chini sakafuni ikisubiri mwenye kiberiti.

Jumatatu mchana

Nimeanza na umeme kwa kuwa ndio rahisi. Betri zilipopimwa zikiwa zimetulia zilionyesha volti 3 kasoro kidogo, na mtu angeweza kuridhika hapo. Lakini betri haipimwi ikiwa imelala: nilipoacha mita ikiwa imeunganishwa na kufungua bomba, volti zilishuka hadi 2.2 wakati cheche zikipigwa, na vali ya sumaku huhitaji nguvu zaidi pale inapofunguka kuliko inapobaki wazi. Kwenye kisanduku cha betri kulikuwa na ukoko wa kijani juu ya bati za kugusia, jambo la kawaida kwa nyumba iliyo karibu na bahari namna hii, ambako hata komeo la mlango hushika kutu kabla rangi haijachakaa. Bati zimesuguliwa kwa msasa laini, betri mpya za alkalini zimewekwa, na sasa volti hazishuki chini ya 2.8 cheche zikipigwa.

Cheche zimekuwa kali zaidi. Tatizo la moto kuzimika halijaondoka.

Jumanne asubuhi

Zamu ya maji. Tenki la plastiki liko juu ya mnara wa zege, na kimo chake kutoka kichwa cha bomba la kuogea ni kama mita 4, maana yake ni presha ya takriban bari 0.4 kabla ya kutoa kinachopotea ndani ya mabomba. Si nyingi. Nilipojaza ndoo ya lita 10 kupitia hita, kwa saa ya mkononi, ilichukua karibu dakika tatu, yaani lita 3 na ushei kwa dakika. Hita za aina hii huhitaji kama lita 2.5 ili kiwambo kisukumwe vya kutosha, kwa hiyo tulikuwa ukingoni, na bomba la pili likifunguliwa wakati huohuo swichi ilikuwa ikiachia na kushika, kuachia na kushika.

Chujio la mlango wa maji lilipofunguliwa lilikuwa limezibwa nusu na chembe nyeupe ngumu. Nyumba hii hupata maji ya mamlaka, ambayo chanzo chake ni Mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, lakini yanapopungua hutumia kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji ya kisima hicho yana chokaa nyingi. Chujio limelowekwa kwenye siki hadi povu likaisha, kisha likasuguliwa kwa mswaki wa zamani. Kiwambo nacho kimetolewa: mpira wake umekakamaa pembezoni, ingawa haujatoboka, na kijiti kilikuwa kikikwama kwa sababu ya ukoko. Nimekisafisha kijiti, nikakirudisha na mafuta kidogo ya silikoni. Mafuta ya gari hayafai hapa, maana huvimbisha mpira.

Ndoo sasa inajaa kwa dakika mbili hivi. Swichi inashika kwa uthabiti hata bomba la jikoni likiwa wazi. Ikumbukwe kwamba maji yakipita kwa kasi zaidi hupata joto dogo zaidi, na mwenye nyumba ameambiwa hivyo ili asije akadhani hita imedhoofika.

Jumanne usiku

Cheche huchunguzwa gizani. Nimefunga koki ya mtungi, nikazima taa ya uani, nikaondoa kifuniko cha mbele na kumwomba kijana wa nyumba afungue bomba. Pini ya kuwashia imeshikiliwa ndani ya kauri nyeupe, na cheche inatakiwa iruke kutoka ncha yake hadi kwenye bati la kichomeo tu. Tulichokiona ni cheche mbili kwa zamu: moja ya buluu iliyonyooka pale panapotakiwa, na nyingine nyembamba, ya zambarau, iliyokuwa ikitambaa juu ya uso wa kauri hadi kwenye skrubu inayoishikilia. Kauri haina ufa. Uso wake umepata utando wa chumvi na masizi, na usiku hewa ya pwani inapokuwa na unyevu, utando ule unakuwa njia ya umeme.

Nimeipangusa kauri kwa kitambaa na spiriti, nikaikausha, kisha nikaweka nafasi kati ya ncha na bati iwe milimita 4. Ikiwa pana sana cheche hutafuta njia ya mkato. Ikiwa finyu sana huwa fupi na haifiki pale gesi na hewa zilipochanganyika vizuri. Gizani tena, ile ya zambarau haikuonekana. Baada ya gesi kufunguliwa moto ulishika kwa cheche za mwanzo kabisa, bila kile kishindo cha "bufu" ambacho wageni walikuwa wakikilalamikia. Kishindo hicho si cha kudharauliwa: ni gesi iliyojikusanya ikisubiri cheche, kisha ikawaka yote kwa pamoja.

Jumatano

Asubuhi hita iliwaka kila ilipotakiwa. Jioni, wakati wa kupika, ikakataa kama zamani: moto unashika vizuri, halafu unazimika. Hili ni jambo jema kwa mchunguzi, kwa sababu sasa kuna tatizo moja tupu lisilofunikwa na mengine. Umeme upo, maji yapo, cheche ipo, moto unashika. Kinachokosekana ni uthibitisho.

Pini ya kuhisi moto hufanya kazi kwa namna ambayo wengi hawaitegemei. Haipimi joto. Kisanduku hupeleka umeme wa kwenda na kurudi kwenye pini hiyo, na kwa kuwa ndimi za moto hupitisha umeme, lakini kwa urahisi zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kinachorudi ni mkondo mdogo sana wa upande mmoja, wa kiasi cha mikroampea chache. Mkondo huo ndio ushahidi wa moto. Pini ikilowa maji au ikigusa bati, umeme hupita sawasawa pande zote mbili, na kisanduku hakidanganyiki.

Nimeunganisha mita kwa mfululizo kwenye waya wa pini hii, nikiwa nimehakikisha kuwa si waya wa cheche, maana wa cheche una volti elfu kadhaa na ungeiua mita palepale. Usomaji wa kwanza, hita ikiwaka peke yake, ulikuwa mikroampea 0.9, nao ukiyumba. Pini ilikuwa na ganda la kahawia. Ilipopanguswa kwa pamba ya chuma hadi ikang'aa, usomaji ulipanda hadi 2.1 na kutulia.

Mita ilikuwa bado imeunganishwa dada wa jikoni alipoanza kukaanga samaki. Sikuhitaji kumwona, namba ndizo zilizoniambia. Kutoka 2.1 usomaji ulishuka hadi 1.4. Baada ya muda akaweka sufuria ya wali kwenye plate ya pili, usomaji ukafika 0.7, vali ikafunga kwa mlio mdogo wa "tak", na maji yakapoa. Nilipochungulia ndimi za moto kabla hazijazimika, zilikuwa zimefupika na hazikuifunika tena ncha ya pini.

Basi jioni maana yake ni jikoni. Hita na jiko vinanyonya mtungi mmoja.

Alhamisi

Leo nimetengeneza kipimo cha presha, kwa sababu geji za milibari hazipatikani kirahisi katika maduka ya vifaa hapa mjini, na geji ya tairi haiwezi hata kutambua presha ndogo namna hii. Kipimo chenyewe ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliokunjwa kama herufi U na kufungwa kwenye ubao pamoja na rula, ukajazwa maji hadi nusu. Maji nimeyatia rangi nyekundu ya keki ili yasomeke. Upande mmoja wa mpira umeunganishwa na njia ya gesi kwa kiungo cha T karibu na mlango wa hita, upande wa pili uko wazi kwa hewa. Gesi inasukuma maji yashuke upande wake na kupanda upande wa pili, na tofauti ya vimo viwili ndiyo presha: milibari moja ni sawa na takriban sentimita 1.02 za maji. Paskali 2800 za kwenye kibati, kwa hiyo, ni sentimita 28 na nusu hivi. Kifaa hiki hakihitaji betri wala kurekebishwa, na hakiwezi kusema uongo maadamu rula imesimama wima.

Koki zote zikiwa zimefungwa mbele ya regyuleta, yaani kile kipunguza presha cha kwenye kichwa cha mtungi: sentimita 33. Mtu akiishia hapa ataandika kwamba presha ni nzuri na kurudi kwenye wazo la kununua kisanduku. Presha ya gesi, kama volti za betri, husomwa kazini. Hita ilipowaka peke yake maji mekundu yalishuka hadi 23. Nikamwita dada wa jikoni: "Dada, niwashie plate moja kwanza." Yakawa 19. "Na ya pili." Yakafika 15, moto ukazimika, na maji yakaruka juu tena kwa sababu hita haikuwa ikinyonya. Mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yangu akiangalia, na hakuhitaji maelezo.

Swali lililobaki ni wapi presha inapotea: kwenye regyuleta, au njiani. Nimehamisha kiungo cha T hadi jirani na regyuleta na kurudia. Hita peke yake: 28. Hita pamoja na plate zote mbili: 21. Tofauti kati ya vituo viwili ni sentimita 5 hadi 6, na hiyo ndiyo inayomezwa na mpira wa gesi wenye kipenyo cha ndani cha milimita 8 uliozungushwa kutoka jikoni hadi uani. Sehemu iliyosalia ni regyuleta yenyewe, ambayo imeandikwa waziwazi juu yake: milibari 30, kilo 1 kwa saa.

Hesabu inathibitisha. Kilo moja ya gesi hii hutoa nishati ya karibu kilowati-saa 12.8. Hita ya kilowati 20, kwa hiyo, hula kilo 1.5 na ushei kwa saa ikiwa imefunguliwa yote, na jiko la plate mbili huongeza karibu kilo 0.4. Jumla ni takriban kilo 2 kwa saa, kupitia regyuleta iliyotengenezwa kwa nusu ya hiyo. Regyuleta hiyo haijaharibika. Ni ya jiko, na jikoni inafanya kazi yake vizuri kabisa.

Mtungi nao nimeukagua. Ni wa kilo 15, na baada ya muda wa matumizi makubwa ulitoka umande nje, ukiishia kwenye mstari ulionyooka unaoonyesha kimo cha gesi iliyomo katika hali ya kimiminika, kwa kuwa gesi inapogeuka mvuke huchukua joto la chuma. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri na butani kwenye karibu nusu nyuzi chini ya sifuri, na gesi yetu ya mitungi ni mchanganyiko wa zote mbili. Kwa joto la Tanga, hata mwezi huu wa Julai, mtungi hauwezi kupoa kiasi cha kukosa mvuke kwa muda wa mtu kuoga. Nyanda za juu ningelitazama jambo hilo kwa makini zaidi.

Jumamosi

Mabadiliko yamefanyika. Jiko limebaki na mtungi wake wa kilo 15 na regyuleta yake. Hita imepewa mtungi wa kilo 38, uliosimamishwa nje kivulini juu ya zege, mbali na shimo la maji machafu, na regyuleta ya milibari 30 inayopitisha kilo 4 kwa saa. Mpira mrefu umeondolewa na badala yake limelazwa bomba la shaba la milimita 15 lililoshikizwa ukutani, lenye koki kabla ya hita. Mpira mfupi umebaki kwenye kichwa cha mtungi tu.

Viungo vyote vimepakwa povu la sabuni. Kimoja, cha kona karibu na dirisha, kilitoa mapovu madogo yaliyokua taratibu kama ya mdomo wa kaa. Kimefunguliwa, kikasafishwa, kikafungwa upya na kupakwa tena hadi povu likatulia. Kisha nimeacha kipimo cha maji kimeunganishwa, koki ya mtungi imefungwa, na kwa muda wote wa chai ya saa nne maji hayakusogea kwenye rula.

Usomaji wa mwisho kwenye mlango wa hita: sentimita 33 ikiwa imefungwa, 30 ikiwaka kwa nguvu zote, na 30 vilevile jiko likiwa na plate mbili na wali juu yake. Mkondo wa pini ya kuhisi umetulia kwenye mikroampea 2.3. Namba hizi nimeziandika kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko cha hita, ili fundi atakayekuja baadaye awe na pa kuanzia.

Jumapili

Upepo wa kusi umevuma kwa nguvu tangu alfajiri, na mara moja moto uliyumba kwa sababu upepo ulikuwa ukirudi chini kupitia dohani fupi. Nimefunga kofia ya bati juu ya dohani na kuongeza kimo chake kipite ukingo wa paa. Mwenye nyumba aliuliza kama haingekuwa rahisi zaidi kuihamishia hita ndani ya bafu la wageni, ambako hakuna upepo. Nimemjibu, "Hapana, mama," nikamweleza kwamba moto wa kilowati 20 hunyonya hewa nyingi, na katika chumba kidogo kilichofungwa hewa ikipungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo imeua watu wakiwa wanaoga. Harufu tunayoisikia kwenye mtungi hutiwa makusudi ili kuonya uvujaji. Moshi wa sumu hauna onyo la namna hiyo. Hita itabaki uani.

Kilichobaki ni kiwambo cha mpira. Kilichopo kinafanya kazi, lakini pembezoni kimekakamaa, na nimeagiza kingine Dar es Salaam chenye kipenyo kilekile. Kikifika nitafunga bomba la tenki, nibadilishe kiwambo, nisafishe chujio tena iwapo nyumba itakuwa imerudi kwenye maji ya kisima, na kupima ndoo upya.